Serikali Imehamia Kwenye Simu, Sisi wa Bondeni Je?

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Mwanjelwa, jijini Mbeya, mbele ya viongozi wa ushirika wa mazao, mawakala wa miamala, walimu na vijana wa vyuo. Waliozuiwa na mvua wameomba niyaweke yote. Nayaweka kama nilivyoyasema. Picha nilizoonesha ukutani nimeziacha.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliosimama kule mlangoni,

Kamwene! Wa Iringa na Njombe wameitikia, wa Rungwe na Kyela mnanitazama tu. Haya, ndaga fijo kwa kuja. (Kicheko)

Nimeombwa nizungumzie mkakati wa serikali katika simu, utangazaji na posta. Ni mada ambayo ukiisoma kama ilivyoandikwa kwenye barua ya mwaliko, watu watasinzia kabla ya chai. Kwa hiyo nitaanza na mbolea.

Tangu msimu wa 2022/2023, mkulima anayetaka mbolea ya ruzuku anajiandikisha, taarifa zake zinaingia kwenye mfumo, kisha anatumiwa namba kwenye simu. Anakwenda na namba hiyo kwa wakala wa mbolea, wakala anaihakiki kwa simu yake, ndipo mfuko unatoka. Mimi naupenda utaratibu huu. Vocha za karatasi za miaka ile mnazikumbuka, na mnakumbuka ziliishia mikononi mwa nani. (Makofi)

Lakini niwaulize. Namba ikitumwa kwa mtu ambaye simu yake haishiki mtandao mpaka apande kilima, ruzuku imemfikia? Wakala akipokea mifuko mia halafu mtandao ukakatika kutwa nzima, wakulima wamepanga foleni, mvua imeanza, ruzuku imemfikia nani?

Kuna kijiji nilikwenda upande wa Busokelo, sikitaji, wenyewe wamo humu ndani. Nyuma ya nyumba moja kuna mparachichi. Kwenye shina, usawa wa kifua cha mtu mzima, imepigiliwa misumari chupa ya maji iliyokatwa nusu. Ndani ya chupa imesimamishwa simu ya batani. Nikauliza, hii ni nini? Nikaambiwa hapo ndipo mtandao unaposhika. Sogea hatua mbili kushoto, hakuna. Majirani wanaweka simu zao kwa zamu, ujumbe uingie, kisha mtoto anatumwa: kaangalie chupa kama pesa ya baba imeingia. Mwenye mti hatozi kitu, ila ukiangusha parachichi changa, utalipa. (Kicheko)

Tunacheka, lakini tazameni kilichomo ndani ya ile chupa. Mle ndani mna namba ya mbolea. Mna ujumbe wa kitambulisho cha Taifa, maana tangu laini zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole, huna NIDA huna laini. Mna kontrol namba ya kulipia ada, faini na kodi ya ardhi. Mna mkopo wa mtoto wa chuo, ambaye aliomba kwa mtandao na majibu yanakuja kwa mtandao. Zamani mwananchi alitembea kwenda boma. Leo boma liko kwenye chupa iliyopigiliwa mti.

Hoja yangu kubwa leo ni hii, na nitairudia mpaka mnichoke. Serikali imehamia ndani ya simu. Ikishahamia humo, mnara haubaki kuwa biashara ya kampuni peke yake. Mnara umekuwa ofisi ya serikali, na ofisi ya serikali haijengwi pale tu penye wateja wengi.

Ndugu zangu, turudi nyuma kidogo.

Mimi ni mtoto wa Posta na Simu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, tukabaki na shirika letu wenyewe, moja, lililobeba kila kitu: barua, telegramu, simu, mpaka akiba za wananchi. Nilikuwa fundi wa laini. Nimepanda nguzo za njia ya Tukuyu kwenye ukungu ambao huoni mwenzako aliyeshika ngazi. Kuomba simu ya nyumbani kulihitaji uvumilivu wa mtu aliyepanda mti wa matunda, na ukitaka kuongea na Dar es Salaam unamwomba opereta, unakaa kwenye benchi, unasubiri kuitwa. Telegramu ililipiwa kwa neno, basi watu wakajifunza kusema mambo mazito kwa maneno matatu. "Mama mahututi njoo." Hakuna salamu, hakuna habari za huko.

Mwaka 1993 sheria ikalivunja shirika lile. Posta ikawa kivyake, simu ikawa TTCL, kampuni ya simu ya taifa, ikaundwa na tume ya kusimamia soko. Mwaka 1994 simu za mkononi zikaanza, ila mwanzoni zilikuwa za matajiri wa Dar es Salaam. Sera ya mawasiliano ikatoka 1997. Mwaka 2001 asilimia 35 ya TTCL ikauzwa kwa wageni. Mwaka 2016 serikali ikazirudisha hisa hizo. Mwaka 2003 tume ya mawasiliano na ile ya utangazaji zikaunganishwa, ikazaliwa TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, na mwaka huohuo ikatoka sera ya kwanza ya TEHAMA. Sheria kubwa inayotuongoza mpaka leo ni ya 2010, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta.

Je, kufungua soko kulifaulu? Kulifaulu. Nasema hivyo mimi niliyepoteza wenzangu wengi kazini kwa sababu ya mabadiliko yale. Leo laini za simu zinazotumika nchini ni nyingi kuliko Watanzania wenyewe.

Lakini kijana asidhani soko lilijiendesha. Mnakumbuka wafanyabiashara wa viazi pale Isongole walivyokuwa wakitembea na simu tatu, nyingine nne, zimefungwa pamoja kwa mpira wa baiskeli? Kila mtandao na simu yake. Kwa nini? Kwa sababu ukipiga kutoka kampuni moja kwenda nyingine, kampuni yako inailipa ile nyingine kwa kila dakika, na gharama hiyo unaibeba wewe. Mwaka 2013 TCRA iliipanga iwe karibu shilingi 35 kwa dakika, kisha ikaagiza ishuke hatua kwa hatua. Ilipofika 2022 ilikuwa shilingi 2. Hakuna aliyeandamana, hakuna aliyekata utepe. Namba ilibadilishwa kwenye karatasi ya mdhibiti, mpira wa baiskeli ukafunguka. (Makofi)

Ndiyo maana napata shida na watu wanaodhani mkakati ni mnara peke yake. Wakati mwingine mkakati ni bei ambayo mwananchi haioni.

Sasa tuje kwenye milima. Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye shida yetu sisi wa Nyanda za Juu Kusini.

Mawimbi ya simu hayapendi mlima. Mnara ukiusimamisha Uyole, unahudumia tambarare yote ile. Ukiusimamisha kwenye kigongo cha Makete, unahudumia kigongo. Bondeni kwa chini, ambako ndiko kuna shule na zahanati, kimya. Ukishuka kutoka Ludewa kwenda ziwani, au ukiingia Ileje ndani, hali ni hiyohiyo. Kampuni inakaa na kalamu: barabara ya kupeleka vyuma inapitika miezi mingapi? Umeme upo, au ni jenereta na dizeli? Kaya ni ngapi, na kila kaya itaweka vocha ya shilingi ngapi kwa wiki? Hesabu ikikataa, kampuni inaondoka. Siilaumu. Ina wenye hisa.

Serikali ililiona hilo. Mwaka 2006 Bunge likatunga sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF. Kampuni za mawasiliano zinachangia mfuko, na mfuko unatangaza zabuni ya maeneo yasiyolipa. Kampuni zinashindana, na mshindi ni yule anayesema, "Mimi nitajenga kwa ruzuku ndogo kuliko hawa." Anajenga, anaendesha, mnara unakuwa wake. Mwaka 2023, kule Dodoma, ikatiwa saini mikataba ya minara 758 kwa kata 713. Baadhi yenu mmeiona ikisimama.

Sasa sikilizeni vizuri. Mkataba unasema kata. Nani humu anaishi "kwenye kata"? Mtu anaishi kwenye kitongoji! Kata zetu za milimani zina vitongoji vinavyotenganishwa na korongo la kushuka asubuhi na kupanda mchana. Mnara ukisimama kijiji mama, kata imehesabiwa imefikiwa. Kitongoji cha ng'ambo ya korongo kinaendelea na chupa yake.

Na ukisikia asilimia ya Watanzania waliofikiwa na mtandao, uliza swali moja dogo: ni asilimia ya watu au ya ardhi? Kwa kawaida ni ya watu. Hiyo ni hesabu halali, wala sisemi ni uongo. Lakini kwa hesabu hiyo unaweza kufika juu sana bila kugusa mabonde yetu, kwa sababu watu wamejazana Dar es Salaam, Mwanza na hapa Mbeya mjini. Uliza na la pili: unaposema mtandao, ni wa kupiga simu tu au na intaneti? Mfumo wa mbolea hauna habari na fahari ya kupiga simu.

Kuna jambo jingine linalonikera, mniruhusu. Mkongo wa Taifa, ile njia kuu ya nyaya za intaneti, ulianza kujengwa mwaka 2009, na hapa kwetu umepita kwenda Tunduma mpaka Zambia, na kwenda Kasumulu mpaka Malawi. Tunawauzia majirani njia, na ni vizuri, ni fedha za kigeni. Lakini mwalimu wa sekondari anayeishi umbali wa kurusha jiwe kutoka kwenye mkongo huo ananunua bando la simu kwa pesa yake ili apakue mtihani wa majaribio. Barabara kuu tumejenga. Vichochoro vya kuingia shuleni, zahanati na ofisi za vijiji ndivyo vimebaki. Na Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na nchi nzima ikasuasua, mawakala mliomo humu mnajua mlivyokaa na simu mkononi mnaitazama. Tulijifunza siku ile kwamba hata barabara kuu inataka njia ya pili.

Nihame kwenye simu. Redio.

Wazee mnaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya"? Mwaka 1973. Redio Tanzania inatangaza, vijijini watu wamekaa vikundi wanasikiliza, kisha wanajadiliana, kisha wanakwenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Walishiriki watu wapatao milioni mbili, nchi nzima. Hakukuwa na intaneti. Kulikuwa na redio moja ya betri, na betri zikianza kuchoka mnajua zilivyofanywa.

(Sauti kutoka ukumbini: Zinaanikwa juani!)

Zinaanikwa juani! Juu ya bati, zimepangwa mstari, na mtoto analinda zisichukuliwe. (Kicheko) Nchi maskini ilifundisha watu milioni mbili kwa betri zilizoanikwa.

Leo tuna redio nyingi mno. TCRA inatoa leseni za taifa, za mkoa, za wilaya, na za jamii. Ukizungusha kitufe kutoka Tunduma mpaka Mafinga hukosi sauti. Lakini zinasema nini? Redio ya wilaya inaishi kwa matangazo ya biashara, na wilaya yenye duka la vifaa vya ujenzi moja na baa tatu haina matangazo ya kulisha redio. Basi inapiga muziki na kuchambua Simba na Yanga mchana kutwa. Mimi ni mtu wa Yanga, sina ugomvi na hilo.

Aprili 2024, baada ya mvua kubwa, tope la Mlima Kawetere lilishuka Itezi, hapahapa jijini, likafukia nyumba. Utabiri wa kitaifa ukisomwa unatuambia mvua kubwa "katika baadhi ya maeneo ya Nyanda za Juu Kusini". Baadhi ya maeneo ni wapi? Itezi au Isyesye? Anayeweza kusema kwa jina la mtaa ni redio ya hapa, kwa sauti ya mtu ambaye wasikilizaji wanamjua. Ningekuwa mimi ndiye niandikaye mkakati, serikali ingenunua muda wa redio za wilaya kila siku, kwa mkataba, kwa malipo: tahadhari ya mvua, bei za mazao sokoni, ratiba ya kliniki. Isiwe fadhila ya mkurugenzi wa redio. Inunue, kama inavyonunua dawa za zahanati.

Televisheni nitaipita haraka. Mitambo ya analojia ilipozimwa kwa awamu, kuanzia Dar es Salaam mwisho wa 2012 na kwetu huku 2013, tuliambiwa tununue ving'amuzi, tukanunua. Picha ikawa safi. Kilichobaki ni ile ahadi ya chaneli za kitaifa kuonekana bure hata kifurushi kikiisha, na mnaijua mivutano yake. Yatosha.

Posta. Nani humu amepeleka barua posta mwaka huu? Mkono mmoja. Wawili. Mwalimu na mzee wa kanisa. (Kicheko)

Basi watu wanasema posta imekufa. Nendeni stendi ya Nane Nane alfajiri mkaone kama posta imekufa. Kuna binti wa Uyole anauza asali na mafuta ya parachichi kwa simu. Wateja wake wako Dodoma na Dar es Salaam. Anafunga mzigo kwenye kiroba, anaandika jina na namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito, anamkabidhi kondakta, anapiga picha namba ya basi, anaomba Mungu. Siku moja mvua ilinyesha, wino ukafutika, mzigo ukashushwa njiani na mtu asiyejulikana. Akapiga simu ofisi ya basi. Akaambiwa kondakta wa jana yuko mapumziko. Nani analipa? Kisheria, anayebeba vifurushi vya watu kwa malipo anatakiwa awe na leseni ya TCRA. Muulizeni yule kondakta kama amewahi kuisikia.

Ile kazi ya kiroba ndiyo posta yenyewe! Haikufa, ilihamia stendi. Na wakati inahama, mwaka 2022 serikali ilifanya jambo kubwa ambalo hatujalitumia: Anwani za Makazi. Mitaa ikapewa majina, nguzo zikasimama, namba zikabandikwa milangoni. Postikodi za Mbeya zinaanza na 53, za Iringa 51. Nani anaijua yake yote? Naona mnatazamana. Tumetumia fedha kumpa kila Mtanzania anwani, halafu mzigo wa asali bado unaandikwa "mpigie ukifika".

Shirika la Posta lina majengo mpaka wilayani, lina sheria inayolitaka lihudumie kila mtu. Katika baadhi ya ofisi zake vimeanzishwa vituo vya Huduma Pamoja, unapata huduma za taasisi kadhaa chini ya dari moja. Mimi nasema hapo ndipo pa kuongeza nguvu. Mama asiye na simu ya kupangusa, au ambaye alama zake za vidole zimesuguliwa na jembe mpaka mashine haizisomi, anahitaji binadamu nyuma ya kaunta. Serikali ikihamia kwenye simu bila kuacha kaunta hata moja wazi, imemfungia mlango.

Dakika zangu zinaisha, mwenyekiti ananionesha saa. Jambo moja kuhusu fedha. M-Pesa iliingia nchini 2008, na mwaka 2014 tukawa wa kwanza Afrika kuruhusu pesa ziende moja kwa moja kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Sifa tunastahili. Kisha Julai 2021 ikaja tozo ya miamala, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala. Mawakala, mwasemaje? (Minong'ono) Ndani ya miezi miwili ikapunguzwa kwa asilimia 30, na imeendelea kupunguzwa baadaye. Lakini kuna wateja waliorudi kumpa dereva bahasha ya fedha, na wengine hawajarudi kwenye simu mpaka leo. Mkono mmoja wa serikali unawaita watu waingie kwenye mfumo wa kidijitali, mkono mwingine unawatoza kiingilio.

Tunafanya nini? Mezani pale pana karatasi. Kila kiongozi achukue yake, aandike kwa kitongoji, asiandike kwa kata: jina la kitongoji, kaya ngapi, shule au zahanati iliyopo, mtandao gani unashika na wapi, na mtu anatembea dakika ngapi kuufikia. Kama ni kwenye mti, andika mti. Nakala moja kwa diwani iingie kwenye halmashauri na ipelekwe kwa Mfuko, nyingine TCRA ofisi ya kanda hapahapa Mbeya, nyingine kwa Baraza la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo lipo kisheria kwa ajili yenu. Mawakala, ninyi mnajua siku na saa mtandao unapokatika kuliko kampuni zenyewe, ziandikeni. Na ukitumiwa ule ujumbe wa matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii", itume namba ya tapeli kwenda 15040, usiishie kutukana.

Sasa maswali. Yule mama wa kitenge cha bluu amenyoosha mkono tangu nilipotaja wakala wa mbolea. Mpeni kipaza sauti, tuanze naye.